Posa Iliyopokelewa Kwenye Theluji

Kilichoniamsha asubuhi ile ni ukimya. Tunaishi Plaistow, mashariki mwa London, kando ya barabara ya basi, na kwa kawaida basi la kwanza likipita, vioo vya dirisha la jikoni hutetemeka kidogo. Siku hiyo hakikutetemeka kitu. Nilidhani bado ni mapema mno, nikageukia upande wa pili. Kisha nikasikia mdogo wangu analia sebuleni.

Alikuwa amesimama dirishani, nywele zimejaa rola, simu mkononi. Nje kulikuwa kweupe kote. Magari yaliyoegeshwa chini yamekuwa vichuguu, huwezi kujua lipi la nani, na theluji ilikuwa bado inashuka mabonge mabonge, taratibu, bila upepo.

"Hawaji," aliniambia. "Dada, hawa watu hawaji. Angalia mwenyewe."

"Nani kakwambia hawaji?"

"Hakuna basi. Hakuna treni. Watakuja na nini?"

Nikamwambia akaoge. Ndilo jibu langu kwa mambo mengi ambayo sina jibu lake.

Ilikuwa siku ya posa yake. Kijana aliyemtaka ni wa Mwanza, fundi umeme, amepanga chumba Stratford, na mama yake alikuwa amekuja kutoka nyumbani kwa ajili hiyo tu. Viza alikuwa amenyimwa mara mbili kabla ya kupewa, na Jumatatu alikuwa anapanda ndege kurudi. Posa ikifanyika Jumamosi ile, angerudi Mwanza akiwa amewaona watu wa mkwewe, ameongea nao, amekula kwao. Isipofanyika, hakuna aliyejua angepewa viza nyingine lini. Mdogo wangu hakuwa analilia theluji. Alikuwa analilia kwamba ataingia kwenye nyumba ambayo mama mkwe hajawahi kukaa na watu wake.

Na mimi nilikuwa na langu, ambalo sikulisema.

Sisi tulizaliwa Muheza, watatu. Baba alitangulia, mama akafuata kabla hatujazoea ya kwanza. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Mdogo wangu wa kiume alikuwa shule ya msingi, na huyu wa mwisho ndiyo kwanza anatambaa. Nikaacha shule. Sikuiacha kwa kilio. Jumatatu moja sikuvaa sare, basi. Alfajiri nilikaanga maandazi, mchana niliwafulia watu nguo, na huyu mtoto alikuwa mgongoni mwangu kwa khanga ya mama hadi khanga yenyewe ikachanika katikati. Wasionifahamu walipotukuta njiani walidhani ni wangu. Mwanzoni nilikuwa nakanusha. Baadaye niliacha, maana kukanusha nako kunachosha.

London nilikuja kulea watoto wa familia niliyoifanyia kazi Dar es Salaam. Wao walipohamia kwingine, nikaingia kwenye kazi ya kuwahudumia wazee majumbani kwao, na ndiyo ninayofanya hadi leo. Mdogo wangu alinifuata kuja kusomea uuguzi, akamaliza, sasa ana wodi yake. Kaka yake amebaki Muheza, ana gereji na watoto.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba yetu, alikuwa ametutangulia huku zamani sana. Anakaa Croydon na mke wake. Ndiye mkubwa wetu, na simsemi vibaya: nauli ya kwanza ya mdogo wangu aliitoa yeye. Posa ilipotajwa, ndiye aliyepanga kila kitu. Yeye atakalia kiti cha baba. Mama mdogo, mke wake, atakalia kiti cha mama na kupokea mkaja.

Mkaja ni khanga anayopewa mama wa binti, kumshukuru kwa tumbo lililozaa na mgongo uliobeba. Kuna zawadi nyingi kwenye posa ambazo watu wanaweza kuzisahau wakasameheana. Mkaja hausahauliki.

"Na mimi, baba?" nilimuuliza siku ile ya mipango.

"Wewe utasimamia jiko, mwanangu. Pilau lako nani analiweza?"

"Nilidhani huo mkaja labda..."

"Wewe na yeye wote ni watoto wa kaka yangu. Mtoto hampokelei mtoto mwenzake posa. Halafu wewe hujaolewa. Watu wa Mwanza wataona hatuna watu wazima."

Nikasema sawa. Hakusema kwa ubaya, na mimi nimezoea kusema sawa na kuendelea na kazi. Lakini nilipokaa kuchambua mchele wa posa, nilijikuta nimeuchambua mara mbili mchele ule ule.

Basi asubuhi ile, mdogo wangu akiwa bafuni, nikainjika nyama. Theluji haikunitisha. Theluji kwangu ni kazi: ni kuamka mapema zaidi kwa sababu utakwenda kwa miguu, ni soksi mbili, ni kutembea kama bata ili usianguke, na kumkuta mzee wa watu yuko kitandani anasubiri umwashie hita. Nimeikanyaga kila ilipoanguka tangu nije, na sikuwahi kuigusa kwa mkono mtupu. Sikuona sababu.

Baba mdogo akapiga simu. Nyuma yake nilisikia tangazo la stesheni na watu wakisonya kwa pamoja.

"Tuko hapa stesheni ya Croydon Mashariki. Treni zote zimefutwa. Mama yako mdogo viatu vimeshalowa. Sikiliza, ahirisheni."

"Baba, mama wa kijana anaondoka Jumatatu."

"Najua. Nitafanyaje sasa, niruke? Mpigie mshenga, mwambie wasitoke."

Mshenga ni yule anayesema kwa niaba ya upande wa kijana. Huyu alikuwa mzee mmoja wa kanisani kwao, mlinzi kwenye maduka makubwa ya Stratford, mtu wa suti na sauti nzito. Nilimpigia. Aliitika akihema.

"Shikamoo baba. Mmeshatoka?"

"Marahaba binti. Tumeshatoka, tunatembea."

"Mnatembea?"

"Kwa miguu. Nilitaka kughairi, kwa heshima yenu. Lakini huyu mama amekataa kurudi. Hajawahi kuiona theluji maishani, sasa anasimama kila baada ya nyumba mbili anaigusa ukuta kwa ukuta. Tukichelewa msituhukumu."

Nikampigia tena baba mdogo. Nikamweleza kwamba wako njiani, kwa miguu.

"Wakifika, wape chai, wapashe miguu joto, warudi. Lakini posa isizungumzwe hadi mimi nifike. Umenisikia? Hakuna mtu wa kuizungumza hapo."

"Nimesikia, baba."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na taulo kichwani. Naye alisikia. Hakulia safari hii. Aliniangalia tu, kama alivyokuwa akiniangalia zamani nikigawa chakula, kuona mimi nimejipakulia kiasi gani.

"Utafanyaje?" aliuliza.

"Nitachemsha chai."

Sasa, jirani yetu wa ghorofa ya chini ni mama wa Bukavu, mcheshi, mkubwa wa mwili na wa sauti. Wiki nzima alikuwa ameomba apewe kazi ya mlangoni. Kwao na kwetu desturi ni moja: wageni wa posa hawafunguliwi hivi hivi. Wanazuiwa, wanaulizwa wametoka wapi na wanataka nini, wanajieleza, wanabembeleza, ndipo wanaingia. Nilikuwa nimempa kazi hiyo, na katika pilikapilika za simu nikasahau kumwambia kwamba leo hakuna posa.

Nilikumbuka niliposikia kelele chini. Nikatoka ukumbini nikachungulia dirishani kutoka ghorofa yetu ya tatu. Mlango mkubwa wa jengo ulikuwa wazi nusu, na mama wa Bukavu ameujaza wote, mikono kiunoni. Mbele yake, kwenye theluji, walisimama watu watatu: mshenga na mwavuli wake mweupe kwa theluji, kijana na mifuko miwili, na mama mfupi aliyevaa koti la mwanawe lililomfika miguuni, na juu ya koti amejifunga khanga mbili.

"Weye baba, munatoka wapi?" jirani alikuwa anauliza.

"Tumetoka mbali," mshenga akajibu kwa ile sauti yake. "Tumeona alama za miguu ya msichana mzuri, tukazifuata, zimeishia mlangoni hapa."

"Alama za miguu! Alama gani? Theluji imefunika yote! Mushenga gani huyu, mudomo haujafunguka vizuri, tayari anadanganya!"

"Zilikuwepo, mama. Tulizifuata kwa harufu."

"Harufu ya nini?"

"Ya pilau."

Mama wa Mwanza alicheka hadi akashika ukuta. Nikashuka ngazi mbio. Lifti ilikuwa imekufa tangu Alhamisi, na nilipofika chini jirani alikuwa bado anawasimamisha, mabega ya suti ya mzee wa watu yamekuwa meupe kama kitambaa cha altare.

"Mama, wafungulie, wataganda!"

"Niwafungulie? Hawajabembeleza hata kidogo!"

Nikawaamkia, nikaomba radhi, nikaeleza yote palepale: baba mdogo amekwama, lifti imeharibika, karibuni chai, na habari za posa zinamsubiri mkubwa wetu. Mshenga alitikisa kichwa kwa adabu. Kijana alitazama mifuko yake. Mama yake akatazama ngazi.

"Ghorofa ya ngapi, mwanangu?"

"Ya tatu, mama."

"Magoti yangu haya hayafiki huko." Hakuonekana kusikitika. "Halafu tangu nifike nchi hii nimefungiwa ndani. Kwenye gari, ndani. Dukani, ndani. Mayo wane, mama yangu we, leo ndiyo nimetoka. Niletee hiyo chai hapa hapa."

Nyuma ya jengo letu kuna kiwanja chenye kilima kidogo cha nyasi na benchi mbili. Tulifuta benchi moja, kijana akamtandikia mama yake gazeti na mfuko. Nikapanda kuleta chai. Nilipata chupa mbili za chai ya tangawizi, vikombe, vitumbua na sambusa, na kwa kuwa sikuwa na kingine cha kubebea, nikavipanga vyote kwenye sinia la pilau. Ni sinia kubwa la aluminiamu, nililinunua duka la Waarabu wa Edgware Road kwa ajili ya siku hiyo, linatosha watu wanane kuzunguka.

Mdogo wangu akataka kushuka vile vile alivyo, na lile koti lake la kijani jepesi alilonunuliwa na huyo kijana.

"Hilo halifai," nikamwambia. "Vua. Chukua langu la kazini."

"Dada, la kazini? Siku ya posa yangu?"

"Hakuna posa leo. Kuna mafua. Vaa."

Akavaa langu, zito, refu, jeusi, na kofia yake. Nami nikajibana kwenye lile la kijani, nikajizungushia skafu hadi puani. Tukashuka.

Mama wa Mwanza alikuwa ameonja theluji. Alitoa taarifa: "Haina ladha. Nilidhani ina kachumvi." Nikamwambia chumvi inamwagwa na malori, barabarani, ili watu wasiteleze. Akaniangalia kuona kama namtania. "Chumvi? Barabarani? Wanatiwa ndani watu wa namna hiyo kwetu."

Kiwanja kilikuwa kimejaa watoto wa jengo, wanateremka kilima kwa mifuniko ya mapipa na trei za oveni. Tulipogawa vikombe, sinia likabaki tupu juu ya benchi. Msichana mmoja mdogo, pua inamtoka, akalikagua pande zote, akaniuliza kwa Kiingereza kama hicho chuma ni changu na kama ninakitumia. Kabla sijajibu, jirani akadakia.

"Hawezi kuligusa mutoto! Kwanza mushenga. Sikupewa mubembelezo wangu mulangoni, sasa nitaupata hapa. Panda!"

"Nipande nini?" mzee akauliza.

"Sinia! Utelemuke. Ama murudi kwenu Stratford bila kumuona binti."

Nilifungua mdomo kumtetea. Huyu ni mzee wa kanisa, mvi kichwani, suti ya vipande vitatu. Lakini mzee alikwisha kunywa chai yake, akampa kijana mwavuli, akapanda kilima pole pole akikunja suruali. Akakaa kwenye sinia, magoti kidevuni. Akatoa tangazo: "Kwa ajili ya kijana wetu." Akateremka. Alizunguka mara mbili njiani, akapita katikati ya watoto, akaishia kwenye ua wa miti akiwa ameketi vile vile, amekodoa macho. Alisimama, akajipangusa, akachukua sinia, akaanza kupanda tena.

"Mara moja inatosha, baba!" kijana akaita.

"Ile ya kwanza sikuwa tayari," mzee akajibu.

Hapo ndipo nilipocheka. Nilicheka hadi tumbo likaniuma, na nilikuwa nimesahau kwamba tumbo linaweza kuuma kwa sababu hiyo.

Jirani alikuwa amenogewa. Akapiga makofi. "Sasa kijana! Atafute muke wake!" Desturi hiyo nayo tulikuwa tumeipanga, ila ndani, kwa khanga: wanawake kadhaa wanafunikwa gubigubi, na kijana anatakiwa amtambue wake. Nikamwambia khanga ziko juu.

"Khanga za nini? Si wote tumefunikwa tayari? Hata pua zenu sizioni."

Nikasita. Baba mdogo alisema posa isizungumzwe. Lakini huu ni mchezo, nikajiambia, hakuna atakayezungumza chochote. Tukasimama mstari kuelekea ukuta: mimi, jirani, binti yake wa sekondari anayesikia Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, na mdogo wangu mwishoni. Tukavuta kofia. Sisi wawili urefu wetu ni mmoja, na kwa nyuma hata kaka yake alikuwa akituchanganya.

"Asiongee mtu!" jirani akaonya, yeye akiwa ndiye anayeongea.

Nilisikia buti za kijana zikisaga theluji nyuma yetu. Zilikwenda hadi mwisho wa mstari, zikarudi. Mama yake akasema kutoka kwenye benchi, "Usiniaibishe." Zikasimama nyuma yangu. Nikakumbuka koti wakati huo huo aliponishika mkono, kwa uhakika kabisa, akanigeuza.

"Huyu hapa!" akasema.

Nikashusha skafu.

Kijana aliruka nyuma kama aliyeshika pasi ya moto. Kwetu mkwe haguswi. Mkwe unamwamkia kwa mbali, umeinamisha macho. Akapiga goti kwenye theluji, kofia mkononi.

"Samahani mama! Samahani sana mama!"

Kila siku alikuwa akiniita dada.

Jirani akaangua kicheko, mikono juu. "Ameshika mama mukwe! Jameni, ameshika mama mukwe wake!" Mdogo wangu alikuwa ameegemea ukuta, machozi yanamtoka kwa kucheka. Mshenga alikuja na sinia kwapani, akasafisha koo.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Amemwita mama, mbele ya mashahidi. Mimi sikumtuma."

Mama wa Mwanza hakuwa anacheka tena. Alikuwa amejikokota kutoka kwenye benchi, anatutazama mimi na mdogo wangu kwa zamu, koti la kijani na koti jeusi.

"Hilo alilovaa binti ni la nani?" aliniuliza.

"Langu, mama. Hili lake ni jepesi."

Akatikisa kichwa. Akamgeukia mdogo wangu. "Mwanangu, wewe mama yako alipofariki, nani alikubeba?"

Mdogo wangu alijifuta uso kwa mkono wa koti langu. "Dada," alisema. "Sikumbuki mgongo mwingine."

Mama akainamia mfuko mmoja aliokuja nao mwanawe, akapekua, akatoa khanga mpya, bado ina mkunjo wa dukani na ile harufu ya wanga. Nyekundu na nyeusi. Nikaijua ni ya nini, nikarudi nyuma hatua.

"Mama, baba mdogo amesema tusizungumze hadi afike."

"Nimezungumza nini mimi? Kuna baridi. Nakufunga khanga." Alikuwa ananyanyua mikono yangu kama ya mtoto anayevishwa. Aliipitisha kiunoni, juu ya koti lile la kijani, akakaza fundo kwa nguvu kama mtu anayefunga mzigo wa safari. Kisha akanishika mikono yote miwili, yake ikiwa mitupu na baridi kama vyuma. "Ahsante mkwe," alisema. "Umemlea."

Theluji ilikuwa inashuka juu ya khanga na kuyeyuka pale pale. Sikujua niweke wapi mikono. Nilisema, "Chai yako imepoa, mama, nikuongezee," na jirani akanikemea: "Weye nyamaza na hiyo chai!"

Simu ikaita. Alikuwa baba mdogo, amesharudi nyumbani kwake.

"Wameondoka?"

"Bado, baba."

"Hizo kelele za nini? Mbona kama mko nje?"

Mama wa Mwanza alinyoosha mkono. Nikampa simu, sikuona namna ya kumnyima. Alimwamkia kwa heshima zote, akauliza habari ya safari, akampa pole ya treni, akampa pole ya viatu vya mke wake. Kisha akasema: "Baba, hatujazungumza posa. Tunakusubiri wewe. Njia ikifunguka kesho njoo tumalize, sisi tupo hadi Jumatatu. Lakini kijana wangu amemshika mkwe wake mkono hapa, kwa bahati mbaya, na faini ndogo imetolewa. Mkaja umeshapata mwenyewe." Akasikiliza. "Huyu aliyembeba." Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi. Akanirudishia simu.

Nilisubiri baba mdogo aseme. Nilisikia birika linachemka upande wake, na mama mdogo anamuuliza kuna nini.

"Mwanangu," akasema.

"Naam, baba."

"Mama yako mdogo anasema khanga zake zinamtosha." Akakohoa. "Niwekee pilau."

Nilirudisha simu mfukoni, mfuko wa koti lisilo langu, ikachukua muda kuuona. Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele yangu, ananinyooshea sinia.

"Zamu yako," alisema.

"Acha ujinga. Nina nyama jikoni."

"Nyama nimeizima mimi. Dada, panda."

Nikapanda kilima. Nilikuwa na umri wa kutosha kuwa na mtoto anayeposwa, na khanga kiunoni ya kuthibitisha. Nikakaa kwenye sinia, nikashika kingo kwa mikono mitupu, baridi ikaniingia hadi kwenye viwiko. Kutoka juu niliona jengo letu lote, dirisha langu la jikoni lina mvuke, mshenga na mwavuli, kijana anakoroga theluji kwa mfuniko wa pipa akifagia njia kama adhabu aliyopewa na jirani, na mama wa Mwanza kwenye benchi, amejikunyata, ananipungia. Nikataka kusema ngoja kwanza. Mdogo wangu akaniweka mikono mgongoni, akasukuma.

Nilipiga kelele njia nzima. Wanasema niliita "mama", mimi sikumbuki. Nakumbuka upepo machoni na sinia likilia chini yangu, na kwamba nilipogonga ule ua wa miti na theluji yote ya matawini ikaniangukia kichwani, wazo la kwanza nililopata ni kwamba ile ya kwanza sikuwa tayari.

Kesho yake mchana treni zilitembea. Baba mdogo na mama mdogo walikuja, wageni nao wakarudi, magoti ya mama wa Mwanza yakapandishwa ngazi kidogo kidogo, akipumzika kila ghorofa. Posa ilizungumzwa kama inavyotakiwa. Baba mdogo alikalia kiti cha baba. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, na nilipotoka jikoni kuja kuuliza kama nipakue, mama mdogo, ambaye alikuwa kwenye sofa, alikipigapiga kwa kiganja. Nikakaa, na kijiko cha kupakulia bado kiko mkononi.

Pilau tuliliweka katikati, chini, kwenye mkeka. Baba mdogo alibariki chakula, akanawa, akamega tonge la kwanza. Sinia likainama upande wake. Akaliegemeza mkono, likainama upande wa mshenga, mchuzi ukakimbilia huko wote.

"Mbona hili sinia linacheza?" akauliza. "Si jipya hili?"

Mshenga aliinamia nyama yake. Mama wa Mwanza alifunika mdomo na khanga.

"Liliteleza kidogo, baba," nikasema.